Mezani Ulaya, Mezani Marekani: Nani Mwenye Mlo?

Mwaka 2003 mwanasaikolojia Paul Rozin wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichapisha utafiti ambao mtu yeyote anaweza kuuelewa. Walipima uzito wa chakula kilichopakuliwa katika migahawa ya Paris na ya Philadelphia, wakilinganisha ya aina moja: wauza pizza na wauza pizza, wauza aiskrimu na wauza aiskrimu, Wachina na Wachina. Paris, sahani ilikuwa na wastani wa gramu 277. Philadelphia, gramu 346. Wakaingia na kwenye supamaketi. Kikopo cha mtindi cha mtu mmoja kilikuwa na gramu 125 Ufaransa, na gramu 227 Marekani. Hayo wengi wangeyatarajia. Lililonivutia zaidi ni jambo walilolipima kwa saa: walikaa ndani ya McDonald's za miji yote miwili wakaangalia wateja wanatumia muda gani kula. Paris ilikuwa dakika 22, Philadelphia dakika 14. Kampuni ni ileile, baga ni zilezile, chipsi ni zilezile, lakini namna ya kukaa nazo ni mbili tofauti kabisa.

Ukimwuliza mtu tofauti ya ulaji kati ya Ulaya na Marekani, atakutajia vyakula: baga na soda Marekani, jibini na mvinyo Ulaya. Orodha hiyo haitufikishi mbali. Mjerumani anakula baga na Mmarekani wa California anakunywa mvinyo. Tofauti iliyo nzito iko kwenye swali la nani mwenye mlo. Ulaya, na hapa nasema hasa Ufaransa, Italia na Uhispania (Uingereza nitaifikia), mlo una saa yake, utaratibu wake na watu wake. Mlaji anakuja kujiunga nao. Marekani mlo ni mali ya mlaji. Yeye ndiye anayeamua ale nini, saa ngapi, amekaa au anaendesha gari, kiongezwe nini na kitolewe nini, na afya yake ikiharibika lawama ni yake. Ukishaliona hilo, mambo mengi yanayoonekana hayana uhusiano, hadi namna ya kuuza mayai, yanaanza kueleweka.

Msosholojia wa Kifaransa Claude Fischler, aliyeshirikiana na Rozin kwa miaka mingi, aliwahoji pamoja naye maelfu ya watu katika nchi 6. Swali moja lilikuwa jepesi: kuna maduka mawili ya aiskrimu, moja lina ladha 10, jingine 50, utaingia lipi? Marekani peke yake ndiyo iliyokuwa na wengi waliochagua ladha 50. Katika nchi 5 za Ulaya walizoziuliza, wengi waliridhika na 10. Katika utafiti mwingine watu waliulizwa keki ya chokoleti inaendana zaidi na neno lipi, hatia au sherehe. Wamarekani walielekea zaidi kwenye hatia, Wafaransa kwenye sherehe. Mimi sioni hapo tabia ya kuzaliwa nayo. Mtu aliyeachiwa uamuzi wote wa chakula chake ameachiwa na majuto yake pia. Keki inayoletwa mezani kwa sababu leo ni siku ya kuzaliwa ya bibi haimtii mtu hatiani: imeletwa, inakatwa, kila mmoja anapata kipande, kesho haipo.

Tazama kantini ya shule ya msingi Ufaransa, mahali ambapo utaratibu huu hufundishwa bila hotuba. Chakula cha mchana huwa na vitu 4 au 5 vinavyofuatana: saladi au supu ya kuanzia, kisha nyama, samaki au mayai pamoja na mboga au nafaka, kisha jibini au mtindi, kisha tunda au kitindamlo kingine. Kanuni ya serikali ya mwaka 2011 inahesabu milo 20 mfululizo na kuiwekea mipaka: vyakula vya kukaangwa kwenye mafuta mengi visizidi milo 4, na matunda mabichi yatolewe katika milo isiyopungua 8. Maji na mkate viwepo bila kipimo. Chumvi, mayonezi na ketchapu visiachwe mezani kila mtoto ajimiminie. Vinakuja na chakula kinachostahili. Sheria ya 2018 imeongeza mlo mmoja kwa wiki usio na nyama wala samaki. Mtoto wa miaka 7 hapewi menyu achague atakacho. Anakaa na wenzake, anakula kilichopikwa siku hiyo, na mapumziko ya mchana ni marefu kiasi kwamba ana muda wa kumaliza na kucheza. Ikifika saa kumi jioni kuna kitafunio, mkate na chokoleti au tunda, na baada ya hapo anasubiri chakula cha usiku. Tangu 2007 matangazo ya vyakula vya sukari, mafuta na chumvi lazima yabebe ujumbe wa afya, na mojawapo ya ujumbe huo unamwambia mtazamaji aepuke kudonoadonoa kati ya mlo na mlo.

Mtu mzima naye ana uzio wake. Kanuni za kazi za Ufaransa zilikataza mfanyakazi kulia chakula mahali pa kazi penyewe. Ilibidi serikali ilegeze katazo hilo kwa muda mwanzoni mwa 2021 ili watu wasibanane kwenye vyumba vya kulia wakati wa UVIKO. Mgeni anayefika mji mdogo wa Ufaransa saa tisa alasiri akiwa na njaa atakuta jiko la mgahawa limefungwa, hata kama viti viko wazi na mwenye mgahawa amekaa humo. Hajafanyiwa ubaya. Saa ya kula imepita, basi. Takwimu za OECD kuhusu matumizi ya muda zinaonyesha Wafaransa, Waitalia na Wahispania wakitumia zaidi ya saa mbili kwa siku kula na kunywa. Wamarekani hutumia takriban saa moja.

Marekani sheria ya kazi ya shirikisho haimlazimishi mwajiri kumpa mfanyakazi mtu mzima mapumziko ya kula. Baadhi ya majimbo yana sheria zake, mengine hayana. Chakula kikahamia mezani pa ofisi na ndani ya gari, na magari yenyewe yakatengenezewa vishimo vya kushikilia vikombe. Hata bili inasukuma mwendo. Mshahara wa chini wa shirikisho kwa mhudumu anayepokea bakshishi umebaki dola 2.13 kwa saa tangu 1991, ijapokuwa majimbo mengi hulipa zaidi, kwa hiyo mhudumu huishi kwa asilimia 15 hadi 20 anayoachiwa na mteja. Kadiri meza inavyobadilisha wateja ndivyo anavyopata. Ndiyo maana bili inaletwa kabla hujaiomba, kwa tabasamu. Italia mhudumu akikuletea bili hujaiomba amekufukuza.

Hali hii ya Marekani ina historia, na si historia ya uvivu. Mwaka 1916 huko Memphis, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly, ambapo mteja aliingia mwenyewe kati ya rafu akachukua anachotaka. Kabla ya hapo karani ndiye aliyesimama nyuma ya kaunta akakupimia. Kuanzia siku hiyo bidhaa ilibidi ijiuze kwa rangi, jina na kifungashio, na uamuzi ukahama kutoka kwa muuzaji anayekujua hadi kwa mnunuzi aliye peke yake mbele ya rafu. Mwaka 1928 mashine ya Otto Rohwedder ikaanza kukata mikate vipande huko Chillicothe, Missouri. Miaka ya 1950 kampuni ya Swanson ikauza chakula kilichogandishwa kwenye sinia ya aluminiamu yenye vyumba: nyama chumba chake, viazi chumba chake, sinia moja mtu mmoja. Familia ikiwa na watu watano inanunua sinia tano, na kila mtu anaweza kula ya aina yake.

Na kuna uhamiaji, ambao kwa maoni yangu ndio sababu kubwa kuliko zote. Nchi iliyojengwa na Wairishi, Wayahudi wa Poland, Waitalia wa Napoli, Waafrika waliopelekwa kwa nguvu, Wamexico na Wachina haikuwa na meza moja ambayo wote wangeikalia bila mtu kuvunja mwiko wake. Kumwacha kila mmoja achague ndiyo ilikuwa adabu iliyowezekana. Uhuru huo umezaa utajiri ambao Ulaya inauonea wivu: mchele na bamia za Carolina na Louisiana, nyama choma ya Texas inayopikwa kwa moshi usiku kucha, na sambusa zinazouzwa leo Minneapolis na watu waliozaliwa upande wetu wa bahari. Anayesema Marekani haina utamaduni wa chakula hajala huko.

Gharama yake inaonekana mwilini. Kati ya watu wazima wa Marekani, takriban 4 katika 10 wana unene uliokithiri. Zaidi ya nusu ya kalori wanazokula Wamarekani hutoka kwenye vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, kwa maana aliyoiweka mtafiti wa Brazil Carlos Monteiro: vitu vinavyoundwa kiwandani kwa wanga, mafuta, sukari na vikolezo, ambavyo jikoni kwako hungeweza kuvitengeneza. Mwaka 2019 Kevin Hall wa taasisi za taifa za afya za Marekani aliwaweka watu 20 ndani ya hospitali ya utafiti kwa wiki 4. Wiki 2 walipewa vyakula vya aina hiyo, wiki 2 vyakula visivyosindikwa au vilivyosindikwa kidogo tu, na milo iliyoandaliwa ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Waliruhusiwa kula watakavyo. Kwenye vyakula vya kiwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Tena walikula haraka zaidi. Sisi wa lishe tumewafundisha watu vitamini na kalori kwa miongo mingi, na muda wa kula tukauacha kama jambo la malezi tu. Nadhani hilo limewagharimu watu wengi, na si Marekani tu.

Sasa tuje kwenye mayai, maana hapa tofauti imeandikwa kwenye sheria.

Yai linapotagwa limefunikwa utando mwembamba unaoziba maelfu ya vitundu vya ganda. Marekani mayai yanayouzwa madukani huoshwa kiwandani. Maji lazima yawe ya moto kuliko yai, kwa tofauti ya nyuzijoto 11 hivi za Selsiasi, kwa sababu yai likikutana na maji ya baridi, kilichomo ndani hujikunja na kuvuta maji pamoja na vijidudu kupitia kwenye vitundu. Likishaoshwa limepoteza utando, hivyo linaingizwa kwenye baridi ya nyuzi 7 na halitoki humo hadi kwa mlaji. Umoja wa Ulaya umepita njia ya kinyume: mayai ya daraja la kwanza hayaoshwi, utando unabaki, na dukani yanakaa kwenye rafu ya kawaida. Hayatakiwi kupoozwa kabla ya kuuzwa, kwa sababu yai la baridi likiingia kwenye joto linatoa jasho, na unyevu ni njia ya bakteria. Mzigo wa usafi unarudishwa nyuma kwa mfugaji: banda liwe safi, kuku wawe na afya. Uingereza, baada ya hofu kubwa ya salmonela ya mwaka 1988, wafugaji wengi waliingia kwenye mpango wa kuchanja kuku, na ugonjwa ukashuka sana. Marekani sheria ya shirikisho hailazimishi chanjo hiyo.

Njia zote mbili hufanya kazi. Kinachoumiza ni kuzichanganya. Kwetu mayai hukaa kwenye trei dukani bila baridi, kwa mtindo wa Ulaya. Ukiyaosha nyumbani na kuyarudisha kwenye trei, umeondoa kinga na hujaweka nyingine. Osha unapokwenda kupika.

Mtindo huohuo unajirudia kwingineko. Ulaya hukagua njia nzima kuanzia shambani. Marekani husafisha mwishoni na kukagua kinachofika. Kuku wa kuoshwa kwa maji yenye klorini walizuiwa Ulaya tangu 1997, kwa hoja kwamba uoshaji wa mwisho unaficha uchafu wa mwanzo. Kuhusu rangi na viongezwa, Ulaya huanza na tahadhari na Marekani husubiri ushahidi wa madhara, ingawa tofauti hiyo inapungua. Mwaka 2010 Ulaya ilidai onyo kuhusu umakini wa watoto liandikwe kwenye vyakula vyenye rangi 6 za viwandani, na kampuni nyingi zikabadilisha rangi kuliko kuandika onyo. California ikapitisha sheria yake mwaka 2023 ya kuondoa viongezwa 4, ikiwemo potasiamu bromati ya kwenye unga wa mikate, na Januari 2025 mamlaka ya shirikisho ikafuta idhini ya rangi nyekundu namba 3. Wala Ulaya isijivune mno. Tahadhari yake imezaliwa na aibu: ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, dioksini ya Ubelgiji mwaka 1999, na nyama ya farasi iliyouzwa kama ya ng'ombe mwaka 2013.

Mkate una kesi yake. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Ireland iliamua kwamba mkate wa sandwichi za Subway si mkate kwa mujibu wa sheria ya kodi ya ongezeko la thamani. Sheria iliruhusu sukari isizidi asilimia 2 ya uzito wa unga. Wa Subway ulikuwa na asilimia 10. Ufaransa amri ya mwaka 1993 inasema mkate unaoitwa wa desturi ya Kifaransa usigandishwe hatua yoyote wala usitiwe viongezwa. Ulaya jina la chakula ni ahadi ya jamii, hivyo serikali hulilinda. Jibini la Roquefort lililindwa kisheria tangu 1925, na mwaka 2008 mahakama ya Ulaya ikakubali kwamba jina Parmesan ni la jibini la Parma na majirani zake tu. Marekani jina linalolindwa zaidi ni la kampuni, na Parmesan inaweza kutoka Wisconsin bila mtu kuona ajabu.

Mitazamo hii ikigongana, inagongana kwa sauti. Ulaya ilikataa nyama ya ng'ombe waliokuzwa kwa homoni. Marekani ikashinda kesi katika Shirika la Biashara Duniani na mwaka 1999 ikaweka ushuru wa asilimia 100 kwa bidhaa kadhaa za Ulaya, Roquefort ikiwemo. Wafugaji wa kondoo wa Larzac, wanaokamua maziwa ya jibini hilo, hawakuwa na homoni yoyote. Agosti mwaka huo wakiongozwa na José Bové waliubomoa mgahawa wa McDonald's uliokuwa unajengwa Millau. Bové alifungwa, akawa shujaa wa wengi. Na bado Ufaransa imebaki mojawapo ya masoko makubwa kabisa ya McDonald's nje ya Marekani, ambako Wafaransa hukaa na kula.

Ulaya nayo ina mgongano wake wa ndani. Ufaransa ilianzisha mwaka 2017 alama ya Nutri-Score, herufi A hadi E mbele ya pakiti, imsaidie mnunuzi kuchagua. Italia ikaikataa kwa hasira, kwa kuwa Parmesan yake ilipewa alama ya chini. Hoja ya Waitalia ina uzito: hakuna anayekula nusu kilo ya Parmesan, mtu huikuna kidogo juu ya tambi. Kuipima kwa gramu 100 ni kukipima chakula nje ya mlo wake. Hata hivyo kwa mama aliyesimama mbele ya rafu ya vitafunwa vya watoto, herufi ile husaidia, na mimi ningeibakiza.

Uingereza niliyoiahirisha inasimama kati. Takriban nusu ya kalori za vyakula vinavyonunuliwa na kaya zake ni za vilivyosindikwa kupita kiasi, ilhali Italia na Ufaransa zilikuwa chini ya asilimia 15 katika ulinganisho wa nchi 19 alioufanya Monteiro na wenzake. Wingi wa unene uliokithiri unafuata mwelekeo huohuo. Sandwichi mbele ya kompyuta ni ya London sawa na New York. Ujirani wa bahari haukuilinda.

Na meza ya Kifaransa ina ukali wake. Asiyekula nguruwe, asiyekula nyama kabisa, anayefunga, anayefanya kazi ya zamu za usiku: hawa wote huuhisi. Manispaa kadhaa zimegombana kwa miaka kuhusu mlo mbadala kwa watoto Waislamu na Wayahudi. Mhudumu wa Chicago angeshangaa ugomvi unatoka wapi. Angeuliza tu unataka nini badala yake.

Wapo Wamarekani waliojaribu kuunganisha. Alice Waters alikwenda Ufaransa akiwa mwanafunzi, akarudi, na mwaka 1971 akafungua Chez Panisse huko Berkeley, ambapo wageni walikula menyu moja iliyopangwa na jiko kwa mazao ya siku hiyo. Mwaka 1995 alianzisha bustani kwenye shule ya kati ya Martin Luther King Jr. ya mji huo, ambapo wanafunzi hulima, hupika na kukaa meza moja kula. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2022/2023 California ikawa inawapa wanafunzi wote wa shule za umma kifungua kinywa na chakula cha mchana bure, bila kuuliza kipato cha mzazi. Ufaransa haijafika hapo. Wazazi hulipa, katika manispaa nyingi kwa kadiri ya kipato. Kilichobaki Marekani ni saa. Katika shule nyingi mapumziko ya mchana ni nusu saa au pungufu, foleni ikiwa ndani yake, na mtoto wa mwisho kwenye mstari humwaga matunda na mboga kwa kukosa muda wa kuzitafuna. Mamlaka za afya za huko zinapendekeza angalau dakika 20 akiwa amekaa na chakula chake mbele yake. Hizo dakika 20 zingeandikwa kwenye sheria ya shirikisho kabla ya alama yoyote mpya ya pakiti, kama ingekuwa kwangu kuamua.